Nani Ameushika Mkono wa Ndaki

Kichwa cha Ndaki kilikuwa kimebanwa kwa skrubu kwenye fremu ya chuma, na mwenyewe yu macho kabisa. Hata kukohoa aliogopa. Alichoweza kuona ni dari tu ya hospitali moja ya misheni karibu na Bariadi.

Mkono wa kulia uliotetemeka ndio uliomfikisha hapo. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba, wakulima wa kijijini kwake Sapiwi walikuwa na pa kuchagua, na nani apeleke pamba yake kwa mpimaji wa ushirika anayetetemeka kama yeye? Wakasema anachezea mizani. Mwizi! Mtu ambaye hajawahi kuiba hata tonge.

"Mwangaluka, baba," nesi Lukresia alimsalimu kwa Kisukuma, kisha akamweleza. "Usisinzie. Ukitetemeka, kalamu ya mashine inachora. Sindano ikigusa penye kosa ubongoni, kalamu inatulia, ndipo wanapachoma. Wakishachoma, basi, hakuna kurudi nyuma."

Kidude chenye waya kikafungwa kwenye kidole cha mkono wa kulia. Mpasuaji akasogeza sindano ubongoni. Kisha Daktari Januarius, mzee wa mvi aliyesimamia mashine, akamnyooshea kikombe cha maji.

Ndaki akapokea. Kalamu ikatulia.

"Hapo hapo!" mzee akashangilia. "Choma."

Chini ya shuka, mkono wa kushoto wa Ndaki ulikuwa umeshika kiwiko cha kulia na kukituliza, maana mzee hapokelewi kitu kwa mkono mmoja, na adabu ya tangu utotoni haimsubiri mtu aikumbuke. Akinyamaza, watachoma pasipo na kosa, lakini atafunguliwa chuma hiki sasa hivi. Mungu wangu, alivyotaka kufunguliwa! Akisema, wanaanza upya.

"Subirini! Nimeushika."

Shuka likafunuliwa. Hakuna aliyemgombeza, afadhali wangemgombeza. Lukresia akaufunga mkono wa kushoto kitandani kwa bendeji, sasa hata huo hakuwa nao. Kikombe kilipokuja tena, maji yalimmwagikia kifuani, kalamu ikakwaruza kama kuku, naye akaona aibu bila pa kugeuzia uso. Sindano ikasogezwa. Maji tena. Ikasogezwa.

Halafu kalamu ikanyamaza.

Ndaki hakuweza kuinamisha kichwa aone. Hasira zikampanda: wamemchoka, wameamua kumsaidia kama mtoto.

"Nani ameushika?"

"Hakuna mtu, baba," Lukresia alisema.

"Usinidanganye. Nani ameushika mkono wangu?"

"Mimi niko huku miguuni pako. Hakuna."

Machozi yakamtiririka hadi masikioni. Hakuwa na mkono wa kuyafuta. Wa kushoto ulikuwa umefungwa, na wa kulia ulikuwa umeshika kikombe, kimejaa hadi ukingoni.