Dakika Moja ya Kuomba Lango

Binti yangu Malín ana miaka sita. Tangu Agosti, hapa Marekani, alikuwa akiingia shuleni kwa nyuma, kichochoroni, ambako malori ya ghala la fanicha hurudi kinyumenyume. Lango la mbele walipewa shule ya mkataba. Jengo ni moja, shule mbili, zote za kodi zetu. Ila ile ya mkataba ina wenyewe wanaoiendesha, na watoto huingia kwa kura. Jina la Malín halikutoka.

Mimi niliishia darasa la sita, kwetu Guatemala, lakini kuhesabu najua. Wiki tatu nilisimama kichochoroni kabla ya kwenda kazini, nikaandika kwenye daftari saa ya kila lori na futi zilizobaki kumfikia mtoto. Jumanne moja lori liliparuza begi la Malín mgongoni.

Nikaenda kwenye kikao cha bodi ya elimu. Kila mtu hupewa dakika moja. Nyuma yangu alipanga foleni Latrice, mwenye mtoto shule ya mkataba.

"Mmekuja kutufukuza tena jengoni," alisema.

"Nimekuja kwa ajili ya lango, dada," nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kubabaisha. "Ugomvi wa shule ipi ipewe vyumba vingapi sina."

"Mwaka jana mzazi mwenzako wa shule yenu naye aliniambia hivyohivyo, kisha akatuita wezi."

Zamu yangu ikafika. Kwetu mtu haanzi na shida yake mbele ya wakubwa. Nikamsalimia mwenyekiti, nikawasalimia wajumbe, nikauliza hali za nyumbani kwao, nikashukuru kupokewa. Mkalimani alitafsiri huku akiitazama saa. Nilipofika "nina binti, anaitwa Malín," taa nyekundu ikawaka, kipaza sauti kikazimwa.

"Asante. Anayefuata."

Latrice akasogea. "Dakika nzima unawajulia hali? Hawa hata majirani zao hawawajui."

Nikamwekea daftari mkononi. Kiispania nilichoandika hakukielewa, lakini saa na futi ni namba tu, na pembeni nilikuwa nimechora lori na mtoto. Akafunua kurasa mbili, akazipitisha kidole mpaka mwenyekiti akakohoa.

"Nilikuja kuomba vyumba vinne," akasema. "Bado navitaka. Lakini hapa imeandikwa saa moja na dakika hamsini, lori, futi mbili. Saa moja na hamsini na nne, futi moja. Wangu anapita mbele. Na hawa wapite mbele."

Akaendelea kusoma mpaka taa ikawaka.

Bodi wakapitisha yote mawili. Lango sasa ni la wote, wao kwanza, sisi robo saa baadaye. Vyumba vinne navyo wakapewa shule ya mkataba, kimojawapo maktaba yetu. Malín na wenzake wanasomea vitabu kwenye korido, karibu na vyoo.

Jana nilimkuta Latrice langoni.

"Umeshasalimia wangapi leo?"

"Wewe ndiye wa kwanza, dada. Daftari langu liko wapi?"

"Bodi wamelichukua, wanasema ni ushahidi."

Basi nimenunua jingine. Ukurasa wa kwanza nimeuandika: maktaba.