Mlingoti wa Mkonge Juu ya Mghange

Olafu, Mnorwe aliyekuwa fundi wa mitambo katika shamba la mkonge karibu na Voi, alikuwa na simu ya upepo aliyoiunda kwa mikono yake, pamoja na kibali cha serikali cha kuitumia. Katika miaka ile ya Hali ya Hatari jambo hilo halikuwa dogo. Wenzake walipokwenda kunywa, yeye aliketi kupiga Morse, lugha ile ya milio mifupi na mirefu, akizungumza na watu asiowajua wa Beira, Adeni na Bombei, kwa sababu tu ilimpendeza kwamba wanajibu. Watu wa Voi walimwita Bwana Waya.

Mmoja tu ndiye ambaye Olafu hakuweza kumfikia. Baba yake, mpiga simu wa melini aliyestaafu, alikasirika mwanawe alipohamia Afrika, akazirudisha barua zake zote bila kuzifungua. Hata hivyo, kila Jumamosi alasiri mzee huyo aliwasha mtambo wake huko Norwe, akamwita mwanawe hewani. Olafu alimsikia, lakini alipojibu, mtambo wake mdogo haukuwa na nguvu ya kufika. Moyoni alikuwa amejiwekea maneno makali, ayatamke siku atakaposikika.

Alitafuta mahali pa juu pa kutundika waya wa mtambo, ili sauti yake ifike mbali. Alijaribu Mraru, akajaribu Ronge, akaenda hata Taveta, akichukuliwa na Makau, dereva wa lori la shamba. Huko Voi tembo walikuwa wameziangusha nguzo zake za waya, na Makau akasema kwamba bila shaka nao walikuwa na jamaa wa kupigiwa simu.

Ndipo Jumamosi moja mzee akapiga habari mpya. Alikuwa anakwenda hospitali kupasuliwa, na mtambo wake alikwisha kuuuza. Jumamosi ifuatayo, kabla haujachukuliwa, angeita kwa mara ya mwisho.

Jumamosi hiyo Olafu na Makau walipanda mapema hadi Mghange, penye ukingo wa mlima unaotazama kaskazini, ambako mbele hakuna kizuizi ila nyika. Miti mirefu kuliko yote ilisimama ndani ya fighi, kichaka cha wazee kisichoguswa na mtu. Olafu aliona miti mizuri tu. Akafunga jiwe kwenye ncha ya waya, akalirusha juu ya tawi.

Kabla hajafunga upande wa pili, watu walikuwa wamekusanyika. Mzee Mwandawiro, mlinzi wa fighi, akaamuru waya ushushwe. Olafu aliushusha mwenyewe, akaomba radhi, akaeleza habari ya baba yake tangu mwanzo. Mwandawiro alimsikiliza hadi mwisho. Alisema kwamba radhi ameipokea, ila moyo wake ungali moto, na kazi ifanywayo karibu na moyo wa namna hiyo huharibika. Ilibidi afanye kutasa: kupiga funda la maji na kulinyunyiza chini, huku akitamka kwamba hasira imemtoka.

Silvanus, mwalimu wa kanisa, aliyekuja na jembe begani, hakupendezwa.

"Mzee, mambo hayo tuliyaacha tulipobatizwa."

"Uliyaacha wewe, Mwalimu. Na hasira, uliiacha pia? Msimu mzima hukunisalimu kwa ajili ya mbuzi."

Watu wakacheka. Silvanus alifikiri kidogo, kisha akakiri kwamba kanisani nako wanakatazwa kulala na hasira, na kwamba funda moja la maji halijamzamisha Mkristo.

Mwandawiro akanywa, akanyunyiza, akasema yake. Kisha akampa Olafu kibuyu.

"Na wewe una hasira na nani?"

Olafu akakipokea. "Na baba yangu."

"Basi ukimpigia simu, itafika hasira hiyo kabla yako."

Olafu akapiga funda, akalinyunyiza. Maneno aliyoyatamka kwa Kinorwe hakuna aliyeyaelewa, wala hakuna aliyeuliza.

Ndani ya lori mlikuwa na milingoti ya mkonge, mirefu na myepesi, ambayo Olafu alikuwa ameikataa kwa kuwa upepo wa mlimani huivunja isiposhikwa pande zote. Silvanus akaita msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Wanaume kwa wanawake waliacha mashamba yao, wakaiunganisha milingoti ikawa mmoja, wakauinua waya, wakashika kamba huku wameikanyaga miamba.

"Kazeni," akasema Makau, "hapa hatuchezi ngoma."

Alasiri ilipofika, mzee wa Norwe aliita. Olafu akajibu. Baba yake akazidi kuita tu, kana kwamba hajasikia. Upepo ukavuma, mlingoti ukainama, na Mwandawiro akawaambia wenye kamba kwamba atakayelegea atamnyamazisha mzee wa watu. Mlingoti ukanyooka. Olafu akapiga tena, polepole, kisha mkono wake ukasimama.

"Amenisikia," akasema. "Anauliza niko wapi."

"Mwambie uko Mghange," akasema Mwandawiro, "kwa watu."

Olafu alimwambia. Yale maneno makali hakuyapiga hata moja. Alisema kwamba hana kinyongo. Baba yake akajibu kwamba naye hana, na kwamba barua itakayomkuta hospitali ataifungua. Olafu aliwatafsiria wote. Silvanus akaanzisha wimbo wa shukrani, Mwandawiro akauitikia kwa sauti nzito, na ingawa mikono iliwauma, hakuna aliyeiachia kamba yake mpaka mzee wa Norwe alipokwisha kumwaga mwanawe hewani.