Breki na Vipimo Vyake vya Upepo

Jua lilikuwa halijaingia uani vizuri, na Breki alikuwa tayari yuko chini, goti moja juu ya kipande cha boksi, shavu nusura liguse tairi. Mkononi ameshika kipimo cha upepo chenye umbo la kalamu. Vingine viwili vimekaa juu ya boneti vikisubiri zamu: kimoja cha mviringo chenye mshale, uso kama saa ya ukutani, na kingine cha betri, kile kinachowasha namba.

Akabonyeza cha kalamu. Psss. Thelathini na moja. Akabonyeza cha mshale. Psss. Thelathini na tatu. Akabonyeza cha betri. Psss. Thelathini na nusu.

“Waongo,” akasema. “Mmoja wenu mwongo. Au wote.”

“Unazungumza na nani huko?” mkewe akauliza kutoka dirisha la jikoni.

“Na matairi.”

“Haya. Yakikujibu, uniite.”

Breki ni jina alilopewa kazini. Aliendesha basi la shule tangu ana kiuno chembamba hadi kichwa kikawa cheupe, na watoto wakambandika jina hilo kwa sababu alikuwa anafunga breki hata kwa kuku aliyesimama kando ya barabara akijiwazia mambo yake. Alipostaafu akanunua kigari kidogo cheupe, na kazi yake ikabaki moja: kumpeleka mjukuu shule. Mjukuu mwenyewe ni mtoto wa binti yake, kasichana kenye pengo la meno mawili ya mbele. Safari nzima walikuwa wanategeana vitendawili.

“Kitendawili!”

“Tega!”

“Nimemlisha upepo mtupu, kaubeba ukoo mzima.”

“Tairi! Babu, hicho rahisi. Sasa mimi. Nyumba yangu haina milango miwili ya mbele, na mwizi haingii.”

“Mdomo wako huo.”

Na kicheko kinawafikisha getini.

Basi siku moja, shule ikikaribia kufungwa, tairi la nyuma lilipasuka wakiwa katikati ya barabara. Gari liliyumba huku, likayumba kule, likageuka na kusimama likitazama lilikotoka. Mtoto hakuumia hata ukucha. Lakini mama yake alipokuja mbio, bado na sare zake za unesi, aliuliza swali moja: “Baba, upepo ulipima lini?”

Breki hakuweza kumdanganya. Asubuhi ile alikuwa amefanya kama walivyofanya siku zote pale kwenye maegesho ya mabasi: unalizunguka gari, kila tairi unalipiga teke la kiatu, unasikiliza. Likilia “dum” la kushiba, unapanda unaondoka. Na tairi lile lilikuwa limelia vizuri tu.

Binti yake hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimfuta mtoto vumbi usoni, akasema polepole, “Shule ikifunguliwa, Jumatatu nitakuja kuyaona hayo matairi kwa macho yangu. Yakiwa na wasiwasi wowote, mtoto atapanda gari la kukodi na wenzake. Na ikiwa hivyo, Baba, itakuwa hivyo moja kwa moja.”

Matairi manne mapya yakafungwa. Lakini mguu wa Breki ulikuwa umepoteza heshima, na hapo ndipo ugonjwa wa vipimo ulipoanza. Alinunua cha kwanza kwa mchuuzi wa barabarani, hakukiamini. Akanunua cha pili ili kimwambie kama cha kwanza kinasema kweli, vikagombana. Cha tatu akakileta kuwa hakimu, nacho kikaja na lake. Akawa anapima kabla ya chai, anapima baada ya chai. Akipita uani kwenda chooni, anachepuka, psss, ndipo anaendelea na safari.

Sasa ilikuwa Jumapili. Kesho ndiyo Jumatatu yenyewe.

“Mzee,” mkewe akasema, akijifuta mikono na kanga, “kila ukilipima tairi linatoa pumzi kidogo. Nalisikia mimi toka huku ndani. Utalipima mpaka liishe.”

“Ndiyo maana nakwenda kununua pampu.”

“Pampu tena!”

“Pampu, na kipimo kimoja cha kuaminika. Kimoja tu, mama watoto.”

“Ulisema hivyo kwa kile cha mshale.”

Alikuwa ameshawasha gari.

Duka la vipuri lilikuwa upande wa pili wa mji, na siku hiyo jua lilikuwa linachoma lami mpaka inanata. Ndani kulinukia mpira na grisi. Muuzaji alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi, na sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za nyundo.

“Karibu, baba yangu. Tatizo nini?”

“Nataka kipimo kisichosema uongo.”

“Kila mtu anakitaka hicho.” Akaweka vinne mezani. “Huyu wa kalamu bei ndogo, anapinda haraka. Huyu wa namba mzuri, macho hayasumbuki, ila betri ikidhoofu naye akili inadhoofika. Huyu wa mshale aliyevishwa mpira ana mrija, hujikunji sana, na ana kitufe hiki hapa pembeni cha kupunguza upepo ukizidi. Ukimdondosha hivihivi, hadhuriki.”

“Mdondoshe.”

“Eti?”

“Mdondoshe nione.”

Muuzaji akamtazama juu ya miwani, akakidondosha sakafuni. Mshale ukarudi sifuri, ukatulia. Breki akakiokota, akakitia sikioni kama mtu anayenunua tikiti maji.

“Nakichukua. Na pampu?”

Hapo foleni ilikuwa imeanza kujikusanya nyuma yake. Muuzaji akamwonyesha ya kukanyaga kwa mguu. Breki akaikanyaga mara chache, goti likalia, akairudisha. Akamwonyesha ndogo nzuri yenye betri yake ndani, unaiweka hata kwenye mkoba.

“Hii nikisahau kuichaji?”

“Itakuangalia nawe utaiangalia.”

“Hapana. Hii nyingine?”

“Hiyo inachomekwa pale kwenye tundu la kiberiti cha sigara, ndani ya gari. Unaweka namba unayotaka, ikifika inazima yenyewe. Lakini washa injini kwanza, usije ukamaliza betri ya gari. Na ukijaza mawili, ipumzishe. Inapata joto kama binadamu.”

“Waya unafika tairi la nyuma?”

“Unafika.”

“Tuupime.”

Waya ukakunjuliwa kutoka mezani hadi mlangoni, watu wakauruka kama kamba ya kuchezea. Breki akarudi nao taratibu, akiutafuta ufa kwa kidole. Kisha akataka kuona boksi la pili, huenda waya wa humo ni mrefu zaidi. Kijana wa kiume aliyebeba betri ya gari mikononi akashindwa kuvumilia.

“Mzee wangu, unanunua pampu au unaoa?”

“Kuoa nilichagua upesi kuliko hivi,” Breki akajibu bila kugeuka, “na mpaka leo naambiwa nilibahatika.”

Duka zima likacheka, hata mwenye betri akaiweka chini acheke vizuri. Breki hakucheka. Alilipa, akatoka, na palepale mbele ya duka, gari bado linatoa joto la safari, akapiga goti.

Kipimo kipya kikasema thelathini na sita.

Kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema thelathini na mbili, mbele na nyuma. Tairi la pili, thelathini na sita. La tatu na la nne, vilevile. Ametembea na mabomu mji mzima! Akabonyeza kile kitufe cha pembeni, upepo ukatoka ukipiga filimbi, mpaka mshale ukakaa juu ya thelathini na mbili sawasawa. Yote manne. Aliposimama, mgongo ulimuuma na roho ilikuwa imetua kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Ilitua mpaka nyumbani tu. Alipozima gari akamwambia mkewe ameyapima, yako sawa; lakini mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, kiganja wazi.

“Lete.”

“Mara moja tu.”

“Lete hapa. Umesema umeyapima, yako sawa. Utakigusa asubuhi.”

Akampa. Usiku alijigeuza kitandani kama chapati, akasikia paa likitulia kwa baridi, akasikia mbwa, akasikia upepo ukitoka mahali ambapo haukuwepo.

Alfajiri akakikuta kipimo juu ya meza karibu na kikombe chake cha chai. Chai hakuigusa. Uani kulikuwa na umande, matairi baridi kama kisima. Akabonyeza la kwanza.

Ishirini na nane.

Akalibonyeza tena. Akaenda la pili, ishirini na nane. La tatu. La nne. Akazunguka gari lote akipapasa mpira kwa viganja, akitafuta msumari, kioo, mwiba, chochote. Hakuna. Ni mapya, yanang'aa, na yanakufa.

Pampu ilikuwa pale pale kwenye boksi lake. Dakika chache tu na namba ingerudi. Binti angefika, angepima, angeona thelathini na mbili, angempandisha mtoto. Breki alikwenda hadi kwenye boksi, akarudi. Akaenda tena, akaifungua, akachomeka waya, akashika mrija. Na kama kweli yanavuja? Yakiisha wakiwa katikati ya barabara, na kale kasichana kamekaa nyuma na mkoba wake magotini? Akasimama na mrija mkononi kama mtu aliyeshikishwa nyoka.

Ndivyo binti yake alivyomkuta. Aliingia na sare za kazini, mtoto kamshika mkono, viatu vyeusi vimepigwa rangi.

“Babu! Shikamoo!”

“Marahaba, mama.” Akamtazama binti yake. “Mwanangu, lipigie simu hilo gari la kukodi.”

“Kuna nini?”

“Yamepungua. Jana mchana niliyaacha sawasawa, asubuhi hii yote manne yako chini. Sijui yanavujia wapi. Simpandishi mtoto humu.”

Binti akatoa simu mfukoni, akaishika, hakubonyeza. Mke wa Breki alikuwa ametoka na kikombe cha ile chai iliyopoa.

“Subirini,” akasema. “Hebu niwatege. Wezi wanne wameingia nyumba nne usiku mmoja. Kila mmoja kaiba sawa na mwenzake, hakuzidisha hakupunguza. Hakuna mlango uliovunjwa, wala dirisha. Nani kaiba?”

“Mama, jamani, nachelewa zamu.”

“Jibu kwanza.”

“Si wezi wanne,” mtoto akasema. “Ni mmoja. Tena ana funguo.”

“Na funguo za matairi haya anatembea nazo nani mfukoni?”

Wote wakamgeukia Breki.

“Jana ulipunguza upepo?” binti akauliza.

“Ulikuwa umezidi! Thelathini na sita!”

“Ulipima wapi?”

“Pale dukani. Nilipofika tu.”

“Umeendesha mji mzima, jua kali, hujapumzisha gari, ukapima hapohapo?” Binti akashika kiuno. Kisha bega likaanza kumcheza. Alikuwa anajizuia kucheka. “Baba, mgonjwa akipanda ngazi za wodini mbio, halafu nikampima presha papo hapo, nitapata nini?”

“Itakuwa juu.”

“Na nikimpa dawa ya kuishusha?”

Breki akatazama matairi yake, moja baada ya jingine. “Akipoa atazimia,” akasema.

“Ndiyo hao wako wamezimia. Sisi mgonjwa tunamkalisha kwanza, atulie, ndipo tunapima. Washa injini.”

Pampu ikaunguruma, majani ya uani yakatetemeka. Binti ndiye aliyechuchumaa, sketi nyeupe kaikunja magotini, akasoma mwenyewe kila namba. Breki alihamisha mrija. Baada ya mawili wakaipumzisha, naye akazunguka gari mara kadhaa bila sababu. Yalipofika yote thelathini na mbili, binti akasimama, akafungua mlango wa nyuma.

“Nakaa nyuma na mtoto,” akasema. “Mpaka shuleni. Halafu nitatafuta usafiri wa kurudi kazini.”

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Breki aliendesha akihesabu mashimo ya barabara kwa makalio. Kila kokoto iliyogonga chini ya gari ilimgonga yeye kifuani. Kwenye kioo aliona macho ya binti yake, hayamtazami mtoto, yanatazama mikono yake kwenye usukani. Hakuna aliyetega wala kutegua.

Hospitali ilikuwa njiani, kabla ya shule. Walipokaribia geti lake, binti akasema, “Simama hapa.”

Breki akafunga breki kwa nguvu. “Umesikia nini? La nyuma?”

“Sijasikia kitu. Zamu yangu inaanza.”

Akambusu mtoto kichwani, akamfunga mkanda upya, akashuka. Mlango ukafungwa. Akainama kwenye dirisha la dereva.

“Mkabidhi kwa mwalimu mkononi, Baba. Na saa za kutoka usimcheleweshe.”

Akavuka barabara kuelekea getini, akipanga kofia yake, na hakugeuka kuyatazama matairi.

Nyuma magari yakaanza kupiga honi. Mkono wa Breki ulikuwa umeshafika kwenye kitasa. Kushuka mara moja tu, kuzunguka mara moja, kuyagusa.

“Babu,” mtoto akasema, “kengele italia.”

Akautoa mkono kwenye kitasa. Akatia gia, akaingia barabarani.