Pamba ya Ghala Tupu

Asubuhi Salome alipokwenda ghalani na bakuli la uji, alimkuta shemeji yake Magesa ameketi mlangoni juu ya kinu kilichopinduliwa, ufunguo wa kufuli ukining'inia shingoni kwa kamba. Ndani ya ghala alikuwamo Ndaki, mume wa Salome na mdogo wake Magesa. Alifungiwa tangu juzi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Weka hapo chini. Nitampa mwenyewe."

"Jana hukumpa. Uji nimeukuta umelala na nzi."

"Alikataa. Akisikia njaa atakula. Kwani huko machimboni ulikuwa unamlisha na kijiko?"

Salome na Ndaki walikuwa wametoka Geita, kwenye duara, shimo la dhahabu ambalo Ndaki alichimba kwa miaka tisa. Alianza kwa kupiga gongo kidogo kabla ya kushuka, ili asiogope giza la shimo. Baadaye akapiga na akitoka. Mwisho ikawa hawezi kushika kikombe cha chai mpaka kwanza apate gongo, na ukimnyima anatoka jasho kama mtu aliyekimbizwa. Miguu ikamvimba, macho yakawa manjano, tumbo likakataa chakula. Salome alimrudisha kwao Didia akitumaini ndugu watamsaidia kumfikisha hospitali ya mkoa, Shinyanga mjini. Ndugu wakakaa kikao, na kikao kikawa cha Magesa peke yake.

"Mimi nilikunywa kuliko huyu," alisema siku ile, mbele ya mama yao na majirani. "Nikaokoka, nikaacha siku moja. Sikwenda kwa daktari. Kuacha ni kuamua tu, na asiyetaka kuamua anaamuliwa."

Pamba ilikuwa imeshauzwa, ghala li tupu. Wakamwingiza humo na godoro. Usiku wa kwanza hata Salome alilala usingizi mzito, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Sasa alimsogelea Magesa na kuchungulia kwenye ufa wa mlango. Ndaki alikuwa amesimama katikati ya ghala, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Mikono yake miwili ilikwenda mbele, vidole vikabana kitu hewani, vikakivuta, vikakitia kwenye mfuko usiokuwapo kiunoni. Kisha tena. Na tena, haraka, kama mtu anayewahi mvua. Alikuwa anachuma pamba.

Mbuke, mama yao, alikuja akichechemea, naye akachungulia. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyepumua.

"Kumbe anaikumbuka kazi. Mtoto wangu anarudi."

"Mama, hajarudi," Salome alisema. "Humo hamna pamba."

"Atazame nini sasa, kama si kazi za kwao? Atazame chupa zako?"

"Mwaka jana mvua ilikata njia, gongo ikakosekana kambini. Akatetemeka hivi hivi, akaongea na watu wasiokuwapo, kisha akaanguka akatoa povu. Wenzake walimbeba mpaka kituo cha afya. Daktari Herman alituambia mwili wake umeshaizoea pombe, ukiikata ghafla ubongo unavurugika na mtu anaweza kufa. Alisema asiachishwe nyumbani. Alazwe, apewe dawa, apunguziwe huku anaangaliwa. Shemeji, mfungulie. Tumpeleke mjini sasa hivi."

Magesa alimtazama toka miguuni hadi kichwani.

"Kwa hiyo daktari wako anasema mlevi akiacha pombe anakufa."

"Akiacha ghafla, namna hii."

"Mama, umesikia? Huko kwao Ushirombo pombe ni dawa. Ndiyo maana mdogo wangu ameoza." Akaushika ufunguo kwa kiganja. "Hatoki mpaka awe mtu. Na wewe Mama Noela, ukinisumbua tena, nakupandisha basi urudi kwenu."

Salome aliliweka bakuli chini. Alizunguka nyuma ya nyumba, akakata njia ya mihogo, akafika kwa Ghati, mwanamke wa Kikurya aliyepika gongo ng'ambo ya barabara. Wiki iliyopita Salome alikuwa amefika hapo hapo akalipiga teke pipa lake mbele ya wateja.

Ghati alimwona tangu mbali. "Karibu. Leo umekuja na mguu upi? Ule wa kupigia mapipa?"

"Nipe kidogo, Ghati. Ya mume wangu."

"Lo. Mlinzi wa maadili amekuja kununua."

"Anatetemeka. Wamemfungia ghalani. Nataka nimtulize tu mpaka nipate mtu wa kunisaidia kumtoa. Sijui kama ndivyo inavyotakiwa. Sina kingine."

Ghati aliingia ndani, akatoka na chupa ndogo ya maji iliyojaa nusu. "Chukua. Wakikuuliza, hukunijua. Na deni la pipa langu bado unalijua."

Nyuma ya ghala palikuwa na dirisha dogo la wavu, juu kidogo ya kichwa. Salome alipanda juu ya tofali, akauvuta wavu.

"Baba Noela. Njoo hapa. Ni mimi."

Ndaki aligeuka. Macho yake yalimpita, yakarudi, yakampita tena.

"Mama," alisema, "leta gunia lingine. Hili limejaa."

"Njoo hapa dirishani, nikupe."

Alikuja, miguu ikigongana. Mkono wake ulitoka kwenye wavu ukitikisika hata ukawa unapiga ukuta. Salome aliuweka mdomo wa chupa karibu na vidole vile, na hapo mkono mwingine, mzito, ukamshika kifundo cha mkono kutoka nyuma.

Magesa aliinusa chupa. Akaigeuza, akaimwaga yote chini, polepole, huku akimtazama Salome usoni.

"Njooni mwone," aliita, sauti imetulia. "Njooni mwone nani anamuua ndugu yetu."

Watu walikuja. Walikuta Salome juu ya tofali na chupa mkononi mwa Magesa, na hawakuhitaji maelezo mengine. Mwanamke mmoja alitema mate. Walikuwa bado wanasemezana pale kitu kilipoanguka ndani ya ghala, kishindo cha mwili usiojikinga. Kisha visigino vikaanza kupiga sakafu.

"Fungua," Salome alisema.

"Anaigiza. Ameisikia harufu."

"Fungua, Magesa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita shemeji yake kwa jina. Magesa hakusogea. Mbuke alifunga macho akaanza kusali, akisema ni shetani anatoka, aachwe atoke. Salome alizunguka mlangoni, akauchukua mchi uliokuwa umeegemezwa ukutani na kulipiga komeo mpaka lilipong'oka na mbao zake.

Dereva wa bodaboda aliyekubali kumbeba alimweka Ndaki katikati, Salome nyuma akimkumbatia kwa kanga. Njia nzima alimsemesha. Walipofika Ibadakuli, uzito wa kichwa cha Ndaki begani mwa Salome ulibadilika. Alijua, lakini hakumwambia dereva asimame.

Kaburi lilichimbwa kesho yake, nyuma ya ghala. Kiangazi kilikuwa kimeigeuza ardhi ya Didia kuwa tofali, wachimbaji wakasema hawawezi kuendelea na koo kavu. Magesa mwenyewe ndiye aliyetuma mtu kwa Ghati. Dumu likaletwa, likawekwa kivulini, na wazee wakatazamana.

Magesa ndiye aliyesimama pia kusema habari za marehemu. Alitaja alikozaliwa, aliposoma, mtoto aliyemwacha. Kisha akasema, "Ndugu yetu aliugua kwa muda mfupi."

"Aliugua miaka tisa," Salome alisema akiinuka mkekani. "Muda mfupi ni ule aliokaa kwako."

Majembe yakasimama.

"Mjane amechanganyikiwa," Magesa alisema. "Mtulizeni."

"Kwa chupa yake," mtu alinong'ona nyuma, kwa sauti ya kusikika.

Loveness, jirani aliyekaa naye mkeka mmoja, alimshika bega akamkandamiza chini kwa nguvu zaidi ya zile za kumtuliza mtu. "Kaa. Umeshaua, sasa unataka kututukana?"

Salome alikaa. Mbele yake, kando ya kaburi, mume wa Loveness aliyeitwa Kamili alikuwa amepokea kikombe kutoka kwenye dumu. Alikiinua, kikombe kikatikisika, kinywaji kikamwagika kwenye vidole. Akaleta mkono wa pili kuushika ule wa kwanza, akainama akakifuata kikombe kwa mdomo. Alipomaliza, mikono ilitulia.

"Loveness," Salome alisema, taratibu, bila kugeuka. "Huyo wako, mkono umeanza lini?"

Loveness alitazama kule kaburini. Vidole vyake vililegea begani kwa Salome, kimoja kimoja, mpaka mkono ukaanguka mapajani mwake mwenyewe.