Barua Tisa za Rogath

Thadeus alikuwa na chumba Majengo, redio moja, kikombe kimoja na kiapo. Kiapo alikila mbele ya ukoo mzima kule kwao Kibosho, siku aliyokuta kaka yake Rogath ameng'oa kahawa ya marehemu baba yao ili apande nyanya. Aliapa hatasoma tena neno lililotoka mkononi mwa Rogath. Na mtu akishaapa mbele ya wajomba, hata akijuta hujuta kimyakimya.

Barua zilipoanza kuja, alizisukumia chini ya godoro bila kuzifungua. Zikafika tisa. Jioni alikula peke yake, akiipa mgongo ile pembe ya kitanda yenye barua.

Kazini, dukani kwa mzee Rajendra, alikuwa ameitungia kompyuta programu ya kupanga barua za wateja. Ilipepeta maandishi kama mama anavyopepeta mahindi. Inakata kila penye nafasi, inafuta nukta na mikato, inatupa "na", "ya", "kwa" na ndugu zao. Kisha inatupa kila neno lililomo katika barua zote, maana hayo, Thadeus alijigamba kwa yeyote aliyekubali kusikiliza, ni salamu tu na mbwembwe. Yaliyobaki inayahesabu, inatoa matano yaliyojirudia zaidi.

Jumatatu moja ya mwaka 2001 akapata ujanja uliompendeza mno. Kiapo kilimkataza yeye kusoma, kompyuta haikuapa. Akampa Violet, mchapaji wa duka, barua zote tisa aziingize, naye akakaa ameangalia ukuta mpaka zikaisha. Akabonyeza. Kioo kikatoa nyanya, mbolea, dawa, mfereji, bei.

Akacheka kicheko kikavu. Barua tisa, na hata pole haimo. Wiki mbili hakuwasha redio.

Violet alikaa na jambo lake kama aliyemeza pilipili, hadi likamshinda.

"Kaka Thadeus, hiyo mashine yako imesoma kweli?"

"Imesoma. Nyanya na mbolea."

"Na isale imeipeleka wapi?"

Kwao Kibosho, isale ni jani la kuombea msamaha. Ukiletewa hulikatai, hata na aliyekuchomea nyumba.

"Imo?"

"Imo kila barua. 'Nimekufungia isale, mdogo wangu.' Zote tisa. Si ulisema lililomo kote ni pumba?"

Jumamosi alipanda Kibosho. Lukresia, mke wa Rogath, alimpokea kwa adabu ya kumpokea mgeni, na hiyo ilimuuma kuliko tusi. Alimweleza kwamba nyanya ziliingiwa na ugonjwa, na mumewe amekwenda Kahe, kule tambarare, kulima mpunga kwenye shamba la kukodi. Barua hataandika tena. Rogath alisema anayenyamazia isale mara tisa ameshajibu.

Thadeus akateremka siku hiyo hiyo. Alimkuta Rogath peke yake katikati ya majaruba, ameinama, anaziba tuta kwa udongo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," Rogath akajibu, bila kugeuka.

Thadeus akangoja aulizwe kilichomleta. Hakuulizwa. Maji yalikuwa yameanza kupenya upande wa pili wa tuta, na Rogath ana mikono miwili tu. Thadeus akavua viatu, akaingia.