Kopo la Mama Mkwe

Vita vilipokwisha, wageni walikuja sita na mashine yao ya kusafisha maji, wakasema watakaa miezi sita tu. Nguo zao zote zilienea kwenye beseni langu moja. Mwaka wa tatu nina mabeseni kumi na mawili, na magwanda yanaletwa kwa lori. Uwanja wa ndege wao, daraja wanalinda wao, hata ofisini kwa mkuu wa wilaya kuna kiti chao. Mimi dobi, siasa naisoma kwenye povu.

Sikatai, maji tulipata na kazi tulipata. Mume wangu alikuwa mkalimani wao.

Aliyenitoa jasho ni mama mkwe. Yeye alikagua mifuko. Chochote alichokikuta, hata njiti ya kiberiti, alikifunga uzi wa rangi ileile niliyoshonea alama kwenye kola ya mwenye nguo, akakitia kwenye kopo la biskuti. Na hakitoi mpaka mwenyewe aseme "ni changu" kwa sauti, mbele ya wateja wote.

"Mama, nani atakuja kudai njiti?"

"Wewe fua."

Jamani, nililichukia lile kopo! Siku moja nililitupa jalalani. Akalifuata mwenyewe, akaninunia siku mbili.

Jumatatu moja asubuhi, mume wangu akakamatwa. Ramani ya kambi mpya kumi na moja, zitakazojengwa milimani, ilikuwa imepotea, na mkalimani ndiye mwenyeji pekee aliyeingia chumba kile. Isipopatikana hadi jioni, anapandishwa ndege. Waliopandishwa kabla yake hatujapata hata salamu zao.

Nililia mtaa mzima ukanisikia. Mama mkwe, macho makavu. Alichukua shati la mwanawe, akakata kifungo, akakifunga uzi mwekundu wa nguo za nyumbani kwetu, akakitia koponi.

Nikamropokea, "Mwanao unamweka na njiti za kiberiti!"

Akafunga kopo, akarudi kukagua mifuko.

Mchana akaja yule ofisa tuliyemwita Bwana Haraka, kuchukua gwanda lake. Mama mkwe, kama kawaida yake, akatafuta uzi wa njano: penseli, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Hajui kusoma, na mimi humo koponi sikuwahi kutia jicho. Bwana Haraka alipoiona karatasi, uso ukamshuka. Akanyoosha mkono. Mama mkwe hakuachia.

"Sema."

Uani kulikuwa na dereva wa lori na askari wenzake wanne, wote wanamtazama. Akaangalia uzi, akaangalia kola yake.

"Ni changu," akasema, kwa lugha yetu, na wote wakasikia.

Ramani ikarudi kambini, na mume wangu akarudi kabla jua halijazama. Mama mkwe akafungua kopo, akamnyooshea kifungo.

"Ni changu, Mama," akasema, bila kujua lolote.

Hapo ndipo yule mama alipolia, machozi ya siku nzima. Nikampigia magoti. "Mama, nisamehe. Ahsante. Ahsante sana."

"Haya, kifungo hicho," akasema. "Kishone."

Kambi zote kumi na moja zilijengwa, na mume wangu hupanda nao huko milimani kila mwezi. Kopo nalisugua mwenyewe hadi ling'ae. Na kila anapoondoka, mimi ndiye ninayekata kifungo.