Droo ya Herufi A

Ncha ya drili ilikuwa imeshagusa alama ya chaki kaka aliponidaka mkono.

“Unafanya nini? Utaharibu rangi!”

Nikaizima. Alama zilikuwa nne, kwenye bati la juu la sanduku lake jekundu la zana, zimelingana na matundu manne niliyotoboa asubuhi kwenye kitako cha sanduku la zamani. La zamani ni zito. Baba aliliunda mwenyewe kwa bati la mapipa. Lilitakiwa likae juu ya jekundu, tukaze bolti nne, zana zote ziwe mahali pamoja, na ukuta wa pili ubaki wazi kwa pampu zinazosubiri zamu. Wazo lilikuwa la kaka, na halikuwa baya. Sipendi kumhukumu mtu haraka. Yeye nilimpa wiki nzima.

“Bila bolti litateleza,” nilisema.

“Liteleze liende wapi? Uzito wake ndio bolti. Hayo hayafundishwi vichochoroni, mdogo wangu.”

Kaka alikuwa mkufunzi wa chuo cha ufundi kwa miaka thelathini, na mtaa mzima unamwita Mkufunzi. Alistaafu mwezi uliopita. Mimi sikwenda chuo. Nilijifunza pampu za maji kwa kuzifungua, kuzikosea na kuzifunga tena, humu humu, miaka kumi na mmoja tangu baba afariki bila kusema karakana ni ya nani. Sasa masanduku mawili yakiwa moja, nondo moja itapita mbele ya droo zote, na nondo itafungwa kwa kufuli moja, lile la baba, na kufuli lina ufunguo mmoja. Tangu arudi, kaka hajaniuliza kazi inaendaje. Ufunguo atakaa nao nani, ameuliza mara nne.

Alitandika kitambaa cha meza juu ya rangi yake, tukalinyanyua sanduku la baba, tukalikalisha juu ya kitambaa. Kisha akatoa lebo alizoandika nyumbani kwa rula na wino mweusi.

“Tunapanga kwa alfabeti.”

Droo za baba zimepangwa kwa jinsi pampu inavyofunguka. Ya juu ina kila kinachofungua mfuniko, inayofuata kinachotoa shafti, kisha kinachong’oa beringi, mpaka chini kwenye grisi. Ukifika droo ya mwisho, pampu ipo vipande mezani. Ukirudi kwenda juu, umeifunga. Kaka alichungulia ya tano, akacheka puani.

“Nyundo na kijiko! Mnakula humu?”

“Ni cha kuchotea grisi.”

Alikishika kwa ncha za vidole viwili, akakitupa kwenye kopo la vyuma chakavu, akajifuta vidole kwenye leso. Nikaendelea kutoa zana na kuzilaza mezani. Kufikia saa nane tulikuwa tumemaliza K. Kuanzia L na kuendelea, zana zilikuwa zimelala juu ya gunia kama mzigo wa mtu anayehama. Droo ya juu kabisa, iliyo karibu zaidi na mkono, ilibandikwa herufi A kwa mwandiko mzuri kweli. Ilikuwa tupu.

“Kaka, hatuna zana inayoanza na A.”

“Itapatikana.”

Hapo ndipo alipoingia mama mwenye bustani ya mboga, akisukuma baiskeli, pampu yake imefungwa nyuma.

“Maji yamekata tangu jana. Miche imelala chali. Yule dada fundi yuko wapi?”

“Lete hapa, mama,” kaka alisema. “Fundi ni mimi.”

Mama alimtazama viatu, vilivyokuwa vinang’aa.

Kaka akavuta droo ya B, akatoa bisibisi. Akavuta ya K, akatoa koleo. Spana ikamshinda, kwa kuwa S haikuwa imezaliwa bado, basi akavuta na ya G, nadhani ili mikono isikae bure. Hakurudisha hata moja. Droo tatu zilizojaa chuma zikaning’inia nje, kitambaa kikateleza kama sabuni, na sanduku la baba likaanza kuinama mbele, taratibu, kumwelekea. Kaka aliruka nyuma. Nikaingiza bega, nikazisukuma droo kwa goti, moja baada ya nyingine, mpaka likarudi kukaa.

“Sakafu yako imepinda,” kaka alisema akiwa mlangoni.

“Mkufunzi,” mama aliuliza kwa upole, “na huko kukimbia, chuoni mnafundisha mwaka wa ngapi?”

Sikucheka. Nilitafuta spana kwenye gunia, nikafungua mfuniko, nikakuta beringi imekwama. Kazi ya robo saa ilichukua mpaka jioni, kwa sababu kila nilichokihitaji kilikuwa kimehamia kwenye herufi yake. Mwishoni nikakitoa kijiko kwenye kopo la chakavu, nikakifuta, nikachota grisi. Tulipoiwasha, pampu ililia kidogo kisha ikanyamaza na kuzunguka vizuri.

“Ahsante, fundi,” mama alisema. Alikuwa ananitazama mimi.

Alipoondoka, kaka alikohoa.

“Basi tufunge. Nipe ufunguo.”

“Upo kwenye herufi U, kaka. Tuliishia K.”

Alinitazama usoni, akitafuta kama namtania. Mtu aliyenizidi umri simtanii. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu, ulipokaa miaka kumi na mmoja. Alikusanya lebo zilizobaki, akazipanga vizuri kwa mfuatano, akaenda zake.

Peke yangu siwezi kulishusha sanduku la baba, kwa hiyo nimelifunga kwa kamba kwenye nondo za dirisha. Kesho kaka ataninyanyulia, nitaondoa kitambaa chake, nitachora upya alama nne kwenye rangi yake, na yeye atanishikia tochi nikitoboa. Halafu nitaanza kurudisha kila kitu, kuanzia kinachofungua mfuniko. Drili na kijiko nimeviweka kwenye droo ya A, nisije nikavitafuta.